Siku Moja Kwenye Kiti cha Mutwalibu

Nilifanya kazi miaka kumi na mmoja katika ofisi ya Bwana Mbarak ya kupitisha mizigo ya mpakani pale Malaba, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu aliyewahi kuniuliza nimeamkaje kisha akangoja jibu. Watu waliingia wakikung'uta mvua kwenye makoti, wakatupa makaratasi mezani, wakasema, "Karani, fanya haraka." Nami nilifanya haraka. Nilipiga taipu, nikagonga muhuri, nikarudisha makaratasi, na lori likavuka daraja likaingia Uganda. Jioni nilirudi chumbani kwangu nyuma ya mashine ya kusaga mahindi, nikala peke yangu, nikalala na unga puani.

Mke nilikuwa naye zamani. Alirudi kwao Marachi mwaka wa sabini na mbili, akawaambia wazee kwamba amechoka kuongea na ukuta. Sikumfuata. Nilisema moyoni kwamba nikipata cheo atarudi mwenyewe, na watu wa kwetu Funyula wataacha kunicheka, na mengine yote yatajipanga. Cheo chenyewe kilikuwa kiti kimoja tu: kiti cha karani mkuu, cha mbao, chenye mto wa kitambaa chekundu, kando ya dirisha linalotazama barabara ya darajani. Mzee aliyekikalia alistaafu mwanzoni mwa mwaka wa sabini na saba. Malaba nzima ilijua kwamba zamu ni yangu.

Bwana Mbarak akamleta Mutwalibu kutoka Busia. Kijana wa miaka ishirini na minane, mtoto wa rafiki yake. Mvumilivu hula mbivu, ndivyo wanavyosema. Mimi nilivumilia hadi mbivu zikaliwa na mwingine, nikaachiwa maganda nifagie.

Ingekuwa rahisi kama angekuwa mtu mbaya. Ningemchukia kwa raha, kama watu wanavyomchukia bosi mwenye matusi. Lakini Mutwalibu alikuwa mwema, na wema wake ulinichosha kuliko matusi. Aliniita mzee Okwara ingawa nilikuwa na miaka arobaini na mitatu tu. Aliniuliza hivi inafanywaje, vile inaandikwaje, bila kuona haya, mbele ya wateja, na nilipomweleza aliwaambia, "Mnaona? Bila huyu mzee hii ofisi ni kibanda tu." Wateja wakacheka, kisha wakampa yeye mkono. Kila Ijumaa mkewe, Nusura, alileta pilau katika mabakuli mawili, moja la mumewe na moja langu. Nilikula. Ilikuwa tamu, na kila tonge nililimeza na uchungu.

Sasa nieleze habari ya muhuri, kwa sababu mambo yote yalitoka hapo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka huohuo na makaratasi ya mpakani yakaongezeka mara tatu. Askari wa ng'ambo walikagua kila herufi. Muhuri wetu ulikuwa na vigurudumu vidogo vya mpira, vya siku, mwezi na mwaka, na kila siku mtu alipaswa kuzungusha tarehe. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Amri ya Bwana Mbarak ilikuwa moja: tarehe izungushwe asubuhi, kabla ya karatasi ya kwanza. Mimi niliizungusha jioni, baada ya lori la mwisho, maana ukiizungusha asubuhi unashinda na wino kwenye vidole, unapaka kikombe, unapaka shati. Shati nililokuwa nalo la kazini lilikuwa moja. Kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyejua, na sikuwahi kukosea hata siku moja.

Ijumaa moja ya mwezi wa kumi na moja mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mutwalibu alikwenda msikitini saa sita na nusu. Barabara ilikuwa tupu, hakuna lori, hakuna mteja. Saa nane nikasema leo hakuna kazi tena. Nikachukua muhuri, nikazungusha tarehe ikawa ya Jumamosi, nikanawa mikono, nikaketi na chai yangu.

Dakika kumi baadaye Mutwalibu akaingia mbio, kofia yake imelowa chepechepe.

"Mzee, kuna maneno. Egwang ameshikwa ng'ambo na lori ya chumvi. Karatasi yake imelowa, haisomeki. Wanataka ingine saa hii, ama wanashusha magunia yote."

Egwang alikuwa dereva wetu, Mteso wa hapahapa. Mutwalibu alikaa kwenye taipu mwenyewe, akapiga karatasi mpya kwa vidole viwili, akakosea, akararua, akaanza upya. Mimi nilikunywa chai. Ningeweza kuipiga kwa dakika tatu. Alimaliza, akatazama huku na huku.

"Muhuri iko wapi?"

"Hapo," nikamwambia, nikamwonyesha kwa kidevu.

Akaugonga. Hakutazama tarehe. Kwa nini atazame? Tarehe ilikuwa kazi ya Okwara, na Okwara hakosei. Mimi niliitazama. Niliiona vizuri, ya rangi ya zambarau, mbichi, siku moja mbele. Neno lilinijia hadi kwenye meno. Ningesema tu, ngoja, rudisha gurudumu nyuma. Lakini nilimwona akichukua mwavuli wake mpya, nikafikiri: mwache aende. Atarudishwa darajani, atarudi amelowa, kwa mara moja atajua aibu ni kitu gani. Ni hilo tu nililotaka. Naapa kwa mama yangu aliyeko kaburini, sikutaka zaidi ya hilo.

"Asante, mzee. Naenda narudi sasa hivi," akasema, akatoka.

Hakurudi jioni ile. Jumamosi asubuhi nilimkuta Nusura amesimama mlangoni pa ofisi kabla sijafungua. Alikuwa mwanamke mwembamba, msemaji, lakini siku hiyo alisema kidogo.

"Mzee Okwara, baba watoto hakulala nyumbani."

"Mizigo imechelewa labda," nikamwambia. "Ng'ambo huko wanajua kuchelewesha watu."

Alinishukuru, akaenda zake. Saa nne Egwang akaingia, hana lori, ana jicho moja limevimba.

"Umepigwa?" nikamwuliza.

"Mimi kidogo tu. Mimi wameniachilia. Boss ndiyo amebaki." Alikaa bila kukaribishwa. "Walishika ile karatasi, wakaangalia, wakauliza, karatasi ya kesho imefika leo namna gani? Wakasema ni ya kutengeneza. Ya magendo. Wakasema ni mtu wa kupeleka habari. Mambo mengi tu."

Nilishika ukingo wa meza.

"Sikia basi," Egwang akasema. "Kuna sajini mmoja hapo darajani, si mbaya sana. Anajua boss, amekula chai yake. Amesema hivi: huyu mtu nitaweka hapa kwa kituo mpaka Jumanne. Jumanne asubuhi gari ya kambi ya jeshi ya Tororo inakuja kuchukua watu. Kama yule mwenye kushika muhuri atakuja mwenyewe, na muhuri, na kitabu ya ofisi, aseme ni yeye alikosea siku, nitamwachilia. Akienda Tororo, mimi sina nguvu tena. Wa Tororo hawarudi, mzee. Unajua."

Nilijua. Kila mtu Malaba alijua.

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu. Bwana Mbarak yuko Mombasa. Bibi ya boss nimeogopa kumwambia, atalia bure, na yeye hana muhuri. Ni wewe tu." Akainuka, akashika jicho lake. "Boss hana wasiwasi hata. Alisema, mwambie mzee Okwara, atakuja. Alisema, yule hawezi kuniacha."

Siku ileile Egwang akapanda gari kwenda Eldoret kwa kaka yake, akasema anataka kukaa mbali na daraja hadi uso upone. Nikabaki na ule ujumbe peke yangu.

Ningeweza kuvuka saa ile. Daraja lilikuwa hatua mia tatu kutoka mlangoni. Lakini niliogopa. Nani hajui askari wale? Wangeweza kunishika na mimi, tukawa wawili. Halafu nikafikiri juu ya Bwana Mbarak: nikikiri kwa askari kwamba nazungusha tarehe jioni, habari itamfikia, na kazi imekwisha, miaka kumi na mmoja yote imekwenda na maji. Nikasema Jumapili nitakwenda. Jumapili nikasema sajini labda hayuko kazini, siku ya Mungu hii. Nilikwenda kanisani, nikapiga magoti, na sikuomba chochote. Nilisema, Jumatatu asubuhi. Jumanne iko mbali.

Jumatatu nilivaa vizuri. Nilifika ofisini saa moja, nikafunga muhuri na kitabu ndani ya gazeti. Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango nitoke wakati simu ilipolia. Ilikuwa Bwana Mbarak, kutoka Mombasa, sauti inakwenda na kurudi.

"Mutwalibu yuko wapi?"

"Hayupo, bwana. Amevuka ng'ambo tangu Ijumaa."

"Ng'ambo? Anafanya nini ng'ambo? Kuna malori kumi na mawili yanafika leo, ya sukari na sabuni. Sikiliza, Okwara. Kalia pale wewe. Endesha kazi mpaka huyo arudi. Umenielewa? Leo wewe ndiye mkuu."

Simu ikakatika. Nilisimama katikati ya chumba na furushi langu la gazeti. Kisha nikalifungua, nikaweka muhuri mezani, mahali pake, na nikaenda kukaa kwenye kiti chenye mto mwekundu.

Siwezi kudanganya juu ya siku ile. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote za maisha yangu. Malori yalifika yakapanga foleni hadi kwenye maduka, na madereva wakaingia, wakamwona nani? Wakaniona mimi. "Boss, habari ya asubuhi." "Boss, tusaidie kidogo." Apeduno, mama wa chai, ambaye kwa miaka yote alinipa kikombe cha mwisho, chenye mashapo ya majani, leo alileta birika kwangu kwanza, na mayai mawili ya kuchemsha. "Kiti imekupenda," akaniambia akicheka. Nami nilifanya kazi kama sijawahi kufanya. Nilijua kila fomu, kila kifungu, kila jina la kila mtu forodhani. Lori lililozoea kusimama kwa muda wa saa tatu lilipita kwa nusu saa. Mfanyabiashara mmoja wa Kampala akanipa mkono kwa mikono miwili, akaniita bwana kwa Kiganda, "Ssebo, ulikuwa umejificha wapi?"

Nikamwambia, "Nilikuwa hapahapa."

Kutoka dirishani pale daraja linaonekana. Nililiona siku nzima. Saa sita nikasema nikimaliza haya matatu nitakwenda. Saa nane yakaja mengine manne. Kila nilipotaka kusimama mtu aliniita boss, nami nikakaa tena. Nilijua ninachofanya. Watu husema shetani alinipitia, lakini shetani hakuonekana pale. Nilihesabu tu kwamba Jumanne asubuhi bado ipo, na kwamba siku hii nikiikatiza haitarudi. Mutwalibu akirudi atarudi na kiti chake. Nilitaka siku moja. Miaka kumi na mmoja, halafu siku moja. Hata mtumwa angepewa.

Saa kumi Nusura akaingia. Macho yalikuwa mekundu, lakini alikuwa amebeba bakuli lililofunikwa kwa sahani.

"Si Ijumaa leo," nikasema.

"Nimepika tu, mikono isikae bure. Watoto hawali." Aliliweka mezani. Aliona niko kwenye kiti cha mumewe, akaangalia mto ule mwekundu. "Mzee, hujasikia chochote? Hata neno?"

Egwang alikuwa ameniambia maneno ya kutosha kujaza kitabu. Mlangoni madereva wawili walikuwa wanangoja sahihi yangu.

"Hata neno," nikamwambia.

Aliinamisha kichwa. "Wewe ndiye alikuwa anakusema kila siku nyumbani. Kama kuna mtu wa kusikia, ni wewe." Akaondoka, akiwapisha wale madereva kwa adabu. Nilitia sahihi karatasi zao. Bakuli nilifunika vizuri, na ofisi ilipofungwa nikaenda nalo nyumbani, nikala.

Jumanne niliamka saa kumi na moja. Mvua ilikuwa inanyesha tena. Nilichukua muhuri na kitabu, safari hii bila kusimama, nikateremka mbio kuelekea darajani. Apeduno alikuwa anawasha jiko lake, aliniita, sikuitika. Kwenye mteremko niliteleza nikaanguka kifudifudi, kitabu kikatumbukia topeni. Nikakiokota, nikaendelea. Walinzi wa upande wetu walinichelewesha sana kwa maswali, huyu karani anakimbia na nini asubuhi yote hii, wakapekua kitabu ukurasa kwa ukurasa. Nilipofika kituo cha ng'ambo ilikuwa saa moja kasoro robo.

Sajini alikuwa ameketi chini ya mabati, anapiga mswaki kwa kijiti. Mtu mnene, wa makamo, hana haraka. Nilimwonyesha muhuri. Nilimweleza yote: mimi ndiye, nilizungusha tarehe mapema, kosa ni langu, Mutwalibu hana habari. Niliyasema maneno yote niliyoyaogopa siku tatu, na hayakuchukua hata dakika mbili.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akatema mate.

"Gari imeenda saa kumi na mbili."

"Itakuwa imefika wapi?"

"Imefika. Tororo si mbali." Akautazama muhuri, akaugeuza, akanirudishia. "Mimi nilikaa hapa jana mpaka giza. Nilisema, huyu karani atakuja. Hata yeye, mtu wako, alisema hivyo. Tulimweka pale." Akaonyesha benchi lililotazama darajani. "Kila mtu akivuka, yeye anasimama kuangalia. Siku mzima, simama, kaa, simama, kaa. Mpaka mimi nikachoka kumwona. Jana wewe ulikuwa na nini?"

Ningemwambia nini? Kwamba wakati Mutwalibu anasimama na kukaa, mimi nilikuwa nimekaa tu?

"Nitamfuata Tororo," nikasema mwishowe.

"Ukienda, mtakuwa wawili." Alisema bila ukali, kama mtu anayekutajia bei. "Rudi kwako, mzee. Rudi kabla sijapata sababu."

Nikarudi. Sikusimama hata mara moja kufikiri juu ya Tororo, na hilo pia nalisema. Nilipokanyaga daraja nilijisikia nimechoka, uchovu wa mifupa, kama mtu aliyebeba magunia usiku kucha. Sikuhisi huzuni bado, nilitaka kulala tu.

Upande wetu walikuwa wamejaa watu. Apeduno alikuwa ameniona nikikimbia na kitabu cha ofisi, na habari zilishafika kila kibanda: mzee Okwara amevuka kumfuata Mutwalibu. Wapagazi, wabadilishaji pesa, madereva wa jana, wote walinitazama kwa heshima. Mmoja akasema, "Huyu ni mwanaume." Mwingine akanigusa bega. Nusura alisimama mbele yao, mtoto mdogo mgongoni.

"Walikwambia nini?"

"Wamempeleka Tororo. Gari lilikuwa limeshaondoka."

Alifumba macho. Mtu alimshika mkono asianguke. Alipoyafumbua alinitazama, suruali yangu yenye tope, uso, kile kitabu kilicholowa, na nikaona anatafuta kitu cha kushikilia.

"Ulijua lini, mzee?"

Watu wote walisogea wasikie. Egwang angerudi siku moja kutoka Eldoret, nilijua. Nilijua pia kwamba huu ndio wakati, na kwamba hautakuja mwingine. Nilifungua mdomo.

"Leo asubuhi," nikasema.

"Na ukakimbia." Sauti yake ilikatika. "Wengine wote walijificha, wewe ukakimbia peke yako kwa mvua." Alivua leso aliyojitanda mabegani, akanikunjulia, akanipa kwa mikono miwili. "Jifute, mzee. Umelowa kwa ajili yetu."

Niliipokea. Nilijifuta uso, kisha mikono, kisha nikainama nikafuta viatu, polepole, maana nilipokuwa nimeinama sikulazimika kumwona. Leso ikajaa tope. Nikamrudishia, naye akaipokea akaikumbatia. Halafu malori ya kwanza yakaanza kupiga honi, na nikaenda kufungua ofisi, kwa sababu funguo nilikuwa nazo mimi.